Kablanketi, Chumvi ya Ivuna na Supu ya Kipupwe

Wale wenzangu wa Dar mnaoijua baridi ya kiyoyozi tu, leo naomba mvute sweta. Nawapeleka Songwe: Vwawa, Mlowo, Itumba, mpaka Tunduma pale mpakani. Kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe kikikolea, usiku wa Mbozi na Ileje joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi kama mtu anayevuta sigara. Na ukipita mitaani muda huo, harufu inayokupokea kwenye nyumba nyingi ni ile ile: maharage yanayochemka taratibu, mfupa wa ng'ombe, kitunguu, na moshi wa kuni.

Mpaka huu tunauandika sana magazetini. Foleni ya malori, magendo, ushuru, ajali. Hizo ni habari na zitaendelea kuwa habari. Lakini nimekuwa nikijiuliza kitu kimoja ambacho mhariri wangu hawezi kukipa ukurasa: hiyo supu imetoka wapi? Nani alianza kuweka viazi humo? Chumvi ilikuwa inapatikana wapi kabla ya duka la Mhindi? Nikaanza kufuatilia, na kadiri nilivyofuatilia ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba historia ya kona hii ya nchi imo ndani ya sufuria, tena imo kwa ukamilifu kuliko ilivyo kwenye vitabu vyetu vya shule. Haya, tuifunue.

Tuanze na neno lenyewe. "Supu" ni neno la kuja, limetoka kwa Waingereza. Neno letu la siku zote ni mchuzi. Ndiyo maana kuna watu watakwambia supu ni mambo ya mjini, ni ya madereva na walevi wanaotafuta kuzimua asubuhi, wala si chakula cha asili. Hapo mimi nabisha. Neno likija jana haina maana kwamba kitu chenyewe kilikuja jana. Binadamu yeyote mwenye chungu, moto, maji na baridi lazima atachemsha kitu na kunywa maji yake. Cha kuuliza ni alichemsha nini, na alikolezaje.

Kukoleza kunatupeleka Ivuna.

Ivuna iko Momba, bondeni upande wa Ziwa Rukwa, chini kabisa ukilinganisha na vilima vya Mbozi. Ukiitaja Ivuna mbele ya wataalamu wa anga watashtuka kwa furaha, kwa sababu tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo pale, kidogo tu, lakini cha aina adimu sana duniani. Aina hiyo inaitwa CI, na hiyo herufi I ni ya Ivuna yetu. Wengi wetu tunakijua kile kimondo kikubwa cha Mbozi kilichoko mlima Marengi, hiki cha Ivuna hatukisikii. Lakini kuna kitu kingine cha Ivuna tunachokisikia hata kidogo zaidi, nacho ni chumvi.

Pale Ivuna kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968. Walichokikuta ni mabaki ya kazi kubwa: vigae vingi vya vyungu na dalili za watu waliotengeneza chumvi hapo tangu karne ya 13 hivi hadi karne ya 15. Yaani miaka zaidi ya mia mbili kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498, tayari kulikuwa na watu bondeni Rukwa wanafanya uzalishaji. Kazi ya chumvi ya namna hii, hapa na kule Uvinza, Kigoma, inafanana: unachukua udongo wenye chumvi au maji ya chemchemi, unachuja, kisha unachemsha mpaka maji yaishe na chumvi ibaki chini ya chungu.

Fikirini hilo kwa makini. Miongoni mwa vyungu vya zamani tunavyovijua kwa ushahidi katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, vipo vilivyokaa motoni ili chumvi ipatikane. Na chumvi haikai mahali pamoja. Mtu wa mlimani ana nafaka, ana ngozi, ana jembe la chuma, maana Wanyiha walikuwa wafua chuma hodari wenye tanuri zao. Mtu wa bondeni ana chumvi. Hapo biashara inazaliwa yenyewe, bila mkutano wa wawekezaji! Wasio na cha kubadilishana walichoma majani na mabua, wakachuja majivu, wakapata magadi. Mpaka leo wapo akina mama wanaotia magadi kwenye maharage ili yaive haraka. Ni kweli yanaiva haraka, ila magadi yanaua baadhi ya vitamini, hasa ile B1. Kuloweka usiku kucha ni bora zaidi.

Sasa humo chunguni waliweka nini? Si maharage haya tunayoyajua. Maharage, mahindi, karanga, viazi vitamu, nyanya, pilipili, vyote hivi asili yake ni bara la Amerika. Vilivuka bahari kuja Afrika baada ya safari za Wareno na Wahispania, vikaingia bara taratibu kwa miguu ya wapagazi na vikapu vya wanawake. Babu wa babu zetu walikuwa na ulezi, mtama, kunde, njugu mawe na mboga za majani za porini. Ulezi ndio uliokuwa mfalme. Watu walikata matawi, wakayachoma, wakapanda kwenye majivu, kilimo ambacho ng'ambo ya mpaka bado kinaitwa chitemene. Kwa hiyo mtu akikwambia ugali wa mahindi na maharage ndicho chakula cha asili cha Wanyiha au Wanyamwanga, mwambie asili nayo ina tarehe zake.

Na maharage yalipofika yalipendwa sana. Yanastahimili ubaridi wa milima, yanaiva mapema, yakikauka yanakaa ghalani muda mrefu. Tena angalieni kalenda: maharage na mahindi huku yanavunwa kuelekea na ndani ya kipupwe. Baridi inapobisha hodi, ghala linajaa. Ulaya baridi ni msimu wa kuhesabu akiba mpaka masika yao yafike, lakini huku kwetu baridi na shibe vinakuja kwa pamoja. Ndiyo maana supu ya kipupwe ni nzito, imeshiba, haina unyonge. Ni chakula cha watu waliotoka kuvuna.

Lakini tusiipambe historia. Karne ya 19 njia kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Wanawake na watoto walitekwa, wakauzwa, wakahamishwa kutoka boma hadi boma. Tunayajua baadhi ya maisha hayo kwa sababu mmoja wa wamisionari wa Moravian, mama wa Kijerumani aitwaye Elise Kootz-Kretschmer, alikaa na wanawake wa huku akaandika walichomsimulia. Wawili wao ni Narwimba na Chisi. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alikusanya simulizi hizo pamoja na nyingine kwenye kitabu chake kuhusu watumwa na wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Ukizisoma unaona wanawake wanaohama kutoka nyumba moja hadi nyingine, wakitafuta mlinzi, wakipigania watoto wao wasichukuliwe.

Kwa nini nawaleta kwenye habari ya supu? Kwa sababu mwanamke aliyetekwa hakubeba mzigo, ila alibeba anachokijua. Mimi nadhani mapishi mengi ya ukanda huu yalitembea hivyo, kichwani mwa watu ambao hawakuchagua safari. Mtu anafika ugenini, anapewa moto na chungu cha wenyewe, anapika alivyofundishwa na mama yake. Kizazi cha pili kinasema hiki ni chakula chetu. Siwezi kuthibitisha kijiko kwa kijiko, lakini sioni njia nyingine ambayo vyakula vya makabila haya vingefanana namna hii.

Kisha ukaja mstari. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao wengi tunaujua kwa sababu ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Mkataba huo huo ndio uliogawa nchi kati ya Nyasa na Tanganyika. Waingereza walikuwa na barabara yao, barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo mawili, na walitaka ibaki upande wao. Ikabaki. Kwa maneno mengine, Tunduma ni Tanzania na Nakonde ni Zambia kwa sehemu kubwa kwa sababu ya njia ambayo mfanyabiashara mmoja wa Uskoti alitoa fedha itengenezwe. Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili. Wandali wa Ileje nao wakabaki wanatazamana na ndugu zao wa Malawi ng'ambo ya Mto Songwe.

Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1890 ndipo sotoka ilipopita Afrika Mashariki na kufyeka ng'ombe. Nchi nzima za wafugaji zilibaki mifupa. (Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, habari njema ambayo haikupigiwa kelele ya kutosha.) Ng'ombe wakifa, mchuzi wa nyama unakuwa ndoto, na chungu kinarudi kwa kunde na maharage. Haikupita muda, Vita Kuu ya Kwanza nayo ikaja, na ukanda huu ukawa uwanja. Majeshi ya pande zote mbili yalikula vyakula vya wanavijiji na kuwachukua vijana kuwa wapagazi. Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck alipita karibu kabisa na hapa akielekea kusini, na tarehe 25 Novemba 1918 akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Vita vilikuwa vimeshaisha Ulaya wiki mbili kabla. Kilichobaki vijijini ni njaa, na nyuma yake homa ya mafua.

Katikati ya misukosuko hiyo viazi navyo vikaingia. Wamisionari na walowezi walivileta kwenye Nyanda za Juu Kusini, na udongo wa milimani ukavikubali. Tukaviita viazi ulaya. Mimi jina hili linanichekesha. Viazi hivyo asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Ulaya yenyewe ilivipata kwa kuvichukua. Sisi tukampa sifa aliyetuletea, siyo aliyevilima kwanza. Hata hivyo viliiongezea supu kile ilichokuwa inakosa: uzito. Kiazi kikipondeka ndani ya maji ya maharage, supu inashika, inakuwa rojo la kushibisha watoto sita.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa 1890, maana kuna kitu hapo kinanifurahisha kuliko vyote. Kuna aina ya maharage inaitwa kablanketi. Ni ya mviringo kidogo, rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijivu, ina mchuzi mtamu na inapendwa Mbozi, Rungwe na kwingineko kusini. Ukivuka kwenda kaskazini mwa Zambia utakuta wanalima na kupenda maharage ya jina hilo hilo, wao wanasema kabulangeti. Serikali mbili, sarafu mbili, wimbo wa taifa tofauti, lakini harage ni lile lile na jina ni lile lile. Wakoloni waligawa ardhi. Harage halikupewa taarifa! Na kwa baridi ya huku, jina gani lingefaa zaidi ya blanketi dogo?

Reli ya TAZARA ikaongeza ukurasa. Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ikabanwa na njia ya shaba yake, na suluhisho likawa Dar es Salaam. Ujenzi ulianza Oktoba 1970 kwa msaada wa Wachina, reli ya kilomita 1,860 ikakamilika mwaka 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Inapita Mbozi, inavuka mpaka Tunduma. Kabla yake barabara kuu ya kwenda Zambia na bomba la mafuta la mwaka 1968 vilishafungua njia. Ghafla kijiji cha mpakani kikawa mji. Madereva, makuli, mawakala wa forodha na wabadilisha fedha wote wanaamka na baridi wakitaka kitu cha moto. Hapo ndipo supu ya nyumbani ilipotoka barabarani na kuanza kuuzwa: makongoro, utumbo, chapati pembeni, limao na pilipili. Mama lishe wa Tunduma aliichukua sufuria ya familia akaigeuza ada ya shule. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019, kazi ya mpakani imebadilika, lakini bado sijaona teknolojia iliyochukua nafasi ya bakuli la saa kumi na mbili asubuhi.

Mnaoijua supu ya mjini msidhani ndiyo ile ya nyumbani. Ya nyumbani inaanza jana yake. Maharage yanachambuliwa na kulowekwa usiku. Asubuhi unamwaga yale maji, unaweka mapya, unabandika pamoja na mfupa wenye uboho kama upo. Moto wa wastani, huna haraka, na jiko lenyewe ndilo linalowapasha watoto wanaojiandaa kwenda shule. Maharage yakianza kupasuka unatia kitunguu, karoti, nyanya, na viazi ulaya vilivyokatwa vikubwa. Wengine, hasa upande wa Ileje, wanaongeza ndizi za kupika au magimbi. Viazi viwili vitatu unaviponda humo humo ili supu ishike. Chumvi mwisho kabisa.

Hilo la chumvi mwisho nalisisitiza kwa sababu ndipo historia inapogusa shingo za watu, na hapa simaanishi msemo. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana na ukosefu wa madini joto. Milimani mvua huyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo, na mazao yanakosa. Matokeo yake yalikuwa rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni ambao wazee wetu waliuona kila siku mpaka wakaudhani ni maumbile. Rovu linaonekana. Lisiloonekana ni mimba zinazoharibika na watoto wanaozaliwa na ubongo uliodumaa. Miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 chumvi ikaanza kuwekewa madini hayo kwa sheria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 kwa watoto wa shule ulikuta rovu limeshuka hadi asilimia 7 hivi. Huu ni ushindi mkubwa, na haukupatikana kwa hotuba. Umepatikana kwa kijiko cha chumvi ndani ya mboga na supu za nyumbani.

Lakini madini joto hayapendi moto wa muda mrefu. Ukitia chumvi mwanzo, maharage yanachemka saa mbili au tatu na sehemu ya madini inapotea. Ukinunua chumvi ya mawe isiyopimwa kwa sababu ni ya bei poa, huenda humo ndani hamna kitu kabisa. Mnaona mzunguko huo? Watu wa Ivuna walihangaika karne nyingi kupata chumvi. Sisi tumeipata ya bei ndogo, yenye kinga ndani yake, halafu tunaweza kuipoteza kwa kutojua muda wa kuitia.

Na hapo ndipo penye hoja yangu. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni mkoa mchanga, na bado unaandikiwa historia yake. Nina wasiwasi itaandikwa kama kawaida: nani alikuwa chifu, mkataba upi, mkuu wa mkoa wa kwanza, reli. Yote sawa. Lakini nani anajua chumvi ilibebwaje kutoka bondeni kupanda mlimani? Nani alijua kutofautisha harage la supu na harage la makande kwa kulibonyeza tu? Wanaojua ni bibi zetu, na hao hawaalikwi kwenye semina. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita ilibidi mgeni kutoka Ujerumani ndiye akae chini kumsikiliza Narwimba. Leo tuna simu zinazorekodi sauti mfukoni, tuna digrii, tunaijua lugha, na tunapita jikoni haraka haraka kwenda kuangalia mpira.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeko Dar, Arusha au ughaibuni, ukipiga simu nyumbani kipupwe hiki usiishie kwenye salamu na kuuliza kama hela imefika. Muulize bibi alikuwa anapika nini baridi ya ujana wake. Muulize chumvi ilitoka wapi. Kisha nyamaza, sikiliza, andika. Na kabla hujakata simu, mkumbushe: chumvi mwisho.